Ruphin Etabo Wilondja Hakupigwa Risasi

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Firmin, Jumamosi tarehe 15 Juni 2019

Kaka Ruphin alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Baraka, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wilondja na Mama Agnès. Alisomea ufundi wa mitambo Uvira, akapata diploma ya Serikali mwaka 1995. Alifika Johannesburg Agosti 2003. Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Célestine, msusi wa Joubert Park, wakajaliwa Gaël na Murielle.

Alilinda milango ya maduka kwa miaka kumi na moja. Mwaka 2015 kampuni yake ya ulinzi ilimhamishia kwenye ghala la silaha, Jeppestown, achague risasi za bunduki fupi wanazobeba walinzi ndani ya magari. Wakubwa walitaka zitumike zilezile za bunduki ndefu. Marehemu alikataa. "Bunduki mufupi haiwezi kula chakula ya bunduki murefu," alisema. Baruti haimalizi kuungua ndani ya mtutu mfupi. Inatoka na moto na moshi, na mlinzi aliye garini haoni tena mbele yake.

Basi alijaribu aina kumi na moja, katika chumba cha shabaha kisicho na dirisha. Feni ya kutoa moshi iliharibika mwaka 2016. Aliandika barua tatu, nakala ninazo. Bosi alimjibu, "Sharp, sawa, nitaangalia." Jioni Murielle alikataa kukumbatiwa mpaka baba aoge, maana alinuka kiberiti.

Februari 2018 tumbo lilianza kumuuma na mikono ikatetemeka. Aliendelea na kazi kwa sababu aina mbili zilikuwa bado. Tarehe 2 Oktoba alichagua moja, iliyofunikwa shaba mpaka kitako, yenye moshi kidogo.

Januari mwaka huu figo zilishindwa. Hospitalini nesi Lois, Mkenya, alimtafsiria shemeji Célestine maneno ya daktari: "Ni risasi, iko kwa damu." Shemeji akafunua shuka kutafuta tundu.

"Si ya kupigwa, mum," Lois akasema. "Ni hiyo madini yenyewe. Ameivuta na moshi."

Mama Agnès naye aliuliza kwa simu, "Walimupiga siku gani? Juu ya nini hamukuniambia?" Kabla hatujamweleza vizuri, kanisa la Baraka lilikwisha kuwaombea majambazi msamaha. Hata hapa, tangu asubuhi, napewa pole ya majambazi. Naitikia tu.

Alifariki Jumamosi tarehe 8 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Mimi sijalia bado. Naona kama nasoma karatasi ya mtu mwingine.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na mimi.

Mama yuko kwenye simu, anasikiliza. Mama, mwanao hakupigwa na mtu. Walinzi wake wamesimama hapa nyuma, wote wazima. Kila risasi aliyowakatalia, aliivuta kwanza yeye.

Kaka, Mungu akupumzishe mahali penye hewa.