Chama cha Afya Chenye Mwanachama Mmoja

Mgeni rasmi, Muuguzi Mkuu wa hospitali yetu. Mkuu wa shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: tunawasalimu kwa heshima zote.

UKARIBISHO

Mama, karibu sana. Sisi ni Chama cha Afya na Maamuzi Mema, na furaha yetu leo inazidi ya vyama vyote vilivyotutangulia kusoma. Shule hii imewahi kualika wanajeshi, wafanyabiashara na hata bwana mmoja wa bima, lakini mtu wa hospitali ni wewe wa kwanza. Usihangaike kuwatafuta wenzetu nyuma yetu. Sisi wote ni huyu unayemwona, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina ndiye huyu huyu. Mwalimu mlezi alisema risala husomwa kwa niaba ya wengi, basi tukaiandika hivyo. Ni vizuri pia ujue mapema kwamba baada ya sherehe Mkuu wa shule atatangaza vyama vitakavyofungwa, na chama chenye wanachama pungufu ya kumi hakina pengine pa kujitetea isipokuwa hapa.

HISTORIA YA CHAMA

Chama kilianza mwaka tulioingia shuleni. Tulikijaza chumba cha mwisho wa korido mpaka wengine wakakaa madirishani. Lengo lilikuwa kila mmoja aijue kazi ya afya inayomfaa kabla mjomba wake hajamchagulia nyingine. Mkutano wa kwanza ulivurugika kabisa. Kila mtu alikuja akiwa daktari, wengine wamevaa mashati meupe ya kaka zao, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Madaktari tukabaki kuangaliana.

Hapo ndipo tulipotunga utaratibu uliokilea chama. Kila wiki tunaokota vikaratasi, na atakayeangukiwa anakuwa mgonjwa. Analala kwenye benchi na ugonjwa wake wa kutunga, wala hausemi mpaka aulizwe vizuri. Wengine wanakuwa muuguzi, mkunga, mfamasia, mtu wa maabara, mtu wa mapokezi. Wiki inayofuata tunabadilishana.

MAFANIKIO

Wapo waliojitambua kwenye benchi lile. Kaka mmoja mrefu aliyejitangaza kuwa daktari wa upasuaji aligundua kwamba hata wino mwekundu ukimwagika anaishiwa nguvu. Sasa anasomea kutengeneza mashine za hospitali, na tunasikia anafanya vizuri. Katibu wetu wa wakati ule, tuliyempa jina la Sindano kwa jinsi alivyokuwa akizikimbia, ndiye aliyekuwa mkunga bora. Akikushika mkono unatulia, hata kama uchungu wenyewe ni wa kuigiza. Tulijifunza pia kuhusu maisha: kukataa pombe, kutokubali kuharakishwa na mpenzi, kuomba msaada mambo yanapokuzidi. Hayo tuliyaandika ukutani kwa rangi, na bado yanasomeka.

CHANGAMOTO

Mwalimu mlezi alitushauri sehemu hii iwe fupi na izungumzie uhaba wa vifaa. Vifaa ni haba.

Changamoto nyingine ni watu. Baadhi walihama shule. Baadhi walivutwa na chama cha muziki, ambacho kina spika, na hao hatuna kinyongo nao. Kisha muhula uliopita wanafunzi kadhaa walianza kuruka ukuta Jumamosi kwenda kunywa, na karibu wanachama wetu wote waliobaki walikuwamo. Walitualika, tukakataa. Walikwenda, wakakamatwa. Mgeni rasmi, hatukumchongea mtu. Tulikuwa tumelala. Lakini bweni liliamini ni sisi, na tangu hapo tukikaa bwaloni benchi linabaki wazi kushoto na kulia.

Sindano hakwenda kunywa, na uvumi ule hakuuamini. Tuliendelea naye wawili tu, mmoja mgonjwa na mwingine kila kitu kilichobaki. Halafu siku moja akakunja blanketi lake kuhamia upande wa pili wa bweni. Tukamuuliza kama tumemkosea.

"Hujanikosea," alisema. "Nimechoka tu kuwa wema sisi wawili peke yetu."

Tulifundishwa kufanya maamuzi mema, tukayafanya. Hakuna aliyetuambia kwamba ukishayafanya unaweza kula peke yako mpaka muhula uishe. Inauma, mama. Tunalisema mbele ya wote kwa sababu msoma risala hakatizwi.

Chama hakikusimama. Mpishi wa shule alikubali kuwa mgonjwa siku moja, akapitiwa na usingizi wa kweli, tukamwacha apumzike. Siku nyingine tunajifunga bendeji gotini, maana kujifunga mkono kwa mkono mmoja kumetushinda. Tumejaribu pia kujiuliza dalili na kujijibu, lakini ugonjwa unakuwa tumeshaujua, hakuna cha kugundua.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika ombi la kipimo cha presha na bango jipya. Tumelifuta. Tulitaka pia kuomba chama kisifungwe, lakini sheria ni ya wote, na hatupendi wenzetu tisa waletwe kukaa nasi kwa kulazimishwa.

Tumebakiwa na ombi moja. Mwezi uliopita tuliletwa hospitalini kwako kwa ajili ya jino. Tukiwa tunasubiri, kengele ya kuona wagonjwa ikalia, na ndugu wakamiminika wodini na mashuka safi na chupa za chai. Bibi mmoja wa kitanda cha mwisho akageuka kutazama ukuta, asije akaonekana kwamba na yeye anangoja mtu. Mkao ule tunaufahamu. Tukaenda kukaa kwenye kiti cha kando ya kitanda chake. Hakutuuliza sisi ni nani. Aliuliza kama nje kuna jua, tukamweleza, tukabaki naye mpaka kengele ya kutoka. Tulipomuuliza muuguzi wa zamu kazi hiyo inaitwaje na inasomewa wapi, alisema haina jina, na mtu wa kuifanya hayupo.

Mgeni rasmi, tunaiomba kazi hiyo. Kwa ruhusa ya Mkuu wa shule, tuje wodini kila Jumamosi kukaa na wagonjwa wasiotembelewa. Hatutagusa dawa, wala hatutamzibia muuguzi njia. Chama kikifungwa leo, tutakuja bila chama. Na usimsumbue mtu kutuonyesha wagonjwa hao ni wepi. Tutawajua tangu mlangoni.

Mungu akulinde wewe na wauguzi wako, na kila aliyelala katika vitanda vyenu anyanyuke salama.

Ni sisi,
Chama cha Afya na Maamuzi Mema.