Rangi ya Pikapu

Nilikaa nyuma yao kwenye Probox ya abiria ya kutoka Bahati kwenda Nakuru. Mzee Ndegwa alikuwa amepakata oltaneta mpya, ile mashine ya kuchaji betri ya gari, na ovaroli ya fundi aliyovaa Jebet, mwanamke aliyekaa kando yake, ikamfungua mdomo. "Hii ni ya tatu. Fundi anabadilisha na bado betri ya pikapu haishiki chaji."

"Kabla ya hii shida, gari ilifanyiwa nini?" Jebet akauliza.

"Niliipaka rangi tu, mpaka ndani ya boneti. Jumamosi itabeba bibi harusi, binti yangu."

"Basi oltaneta ni nzima. Waya ya eathi, ile inayotoka kwa betri hadi kwa bodi, imefungwa kwa bolti juu ya rangi, na stima haipiti kwa rangi. Washa gari na taa, weka mita kati ya negativu ya betri na bodi, utaona volti zinapotelea hapo. Kwaruza chini ya hiyo bolti, ufunge tena."

"Nikwaruze rangi mpya?" Ungedhani ameambiwa amnyoe bibi harusi.

"Kidogo tu, mzee, na bolti itafunika."

Mzee alitikisa kichwa mpaka tukasimama stejini Nakuru.

"Haya," Jebet akasema akishuka, "waambie wapambe waje na viatu vya raba. Watasukuma."

"Wasukume," mzee akajibu, "lakini wasiguse rangi."