Bosibori Onsongo, Aliyecheka Juu ya Ziwa Lililoganda

Wachungaji na wazee wa kanisa, wakwe zetu kutoka Magwagwa, Chifu, majirani wa Nyansiongo, na nyote mliovumilia tope na ukungu wa asubuhi hii, familia ya mzee Onsongo inawaomba utulivu kidogo, ili maisha ya mama yetu yasomwe jinsi yalivyokuwa.

Marehemu Mama Gladys Bosibori Onsongo alizaliwa tarehe 8 Aprili 1957 huko Magwagwa, akiwa kifungua mimba wa mzee Ogari na mkewe, akasoma shule ya msingi papo hapo hadi darasa la saba, mwaka 1971, ndipo masomo yakaishia hapo, kwa sababu wadogo zake walikuwa wengi na mama yao alikuwa mgonjwa. Alibatizwa mwaka 1974 wakati wa makambi ya kanisa kule Nyanchwa, na tangu siku hiyo aliimba sauti ya pili katika kwaya, hakuiacha hata koo lilipoanza kumsumbua.

Tarehe 17 Desemba 1978 aliolewa na mzee Onsongo, akahamia hapa Nyansiongo, mahali alipopaona pa baridi mno, kwani Julai yake ya kwanza mvua ya mawe iliangukia majani chai yakawa meupe yote, akatoka nje na kikombe, akaokota mawe yale akayala, mumewe akimtazama kutoka mlangoni. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mogire mwaka 1980, Bosire mwaka 1983, na Sharon mwaka 1988. Bosire alituacha mwaka 1990 kwa malaria. Kuanzia 1986 hadi 2016 Mama alikuwa mpishi katika shule ya msingi hapo juu, na wengi wenu mliosimama hapa mmekunywa uji wake, mnamkumbuka akikoroga huku anawasimulia alichokiona njiani asubuhi ile, ng'ombe akifuka moshi puani, au buibui aliyetanda utando wake ukajaa umande.

Sharon aliposomea uuguzi na kwenda kufanya kazi Minnesota, Marekani, akaolewa huko na Bwana Nyakundi, alimwita mama yake amsaidie kulea mtoto wa kwanza. Mama alisafiri tarehe 14 Oktoba 2021, safari yake ya kwanza kupanda ndege, na walipotua kubadilisha ndege njiani aliiona sakafu inayotembea yenyewe, akaipanda hadi mwisho, akarudi kwa miguu, akaipanda tena, almanusura aachwe. Mjukuu wake Ashley alizaliwa tarehe 3 Novemba, na theluji ikaanza kuanguka wiki hiyohiyo.

Mama aliipenda theluji kama mtu anayependa mgeni asiyesumbua. Alimpigia mzee Onsongo simu kila jioni, akamweleza habari za kindi anayekimbia juu ya ua na mkate mdomoni, za majirani wanaokwangua barafu kwenye vioo vya gari kabla ya kwenda kazini, na za leso aliyoianika nje kwa mazoea ya nyumbani, ikaganda ikawa ngumu kama ubao, akaibeba kwapani kuirudisha ndani, Sharon akacheka hadi mtoto akaamka. Mzee alikuwa akiuliza hali ya ng'ombe wa huko. Mama hakuwa amemwona hata mmoja, akamwambia labda wamefungiwa ndani na blanketi.

Tarehe 11 Januari 2022 mzee Onsongo alianguka akitoka kupeleka maziwa, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mama alikata shauri kurudi siku iliyofuata, lakini alipopimwa kabla ya kusafiri alipatikana na korona, ingawa hakuwa na homa wala kikohozi, akakatazwa kupanda ndege. Wazee walikuwa wamekwisha kaa kupanga mazishi, na Mogire, kama mwana wa kwanza, ndiye aliyempigia.

"Mama, wameamua ni Alhamisi."

"Sawa," akasema Mama.

Tarehe 20 Januari alitazama mazishi ya mumewe kwenye simu, peke yake katika chumba alichotengewa, na picha ilikuwa ikikatika, akaliona jeneza, kisha akaona vidole vya mtu, kisha mwavuli, na alipoliona kaburi tena lilikuwa limefunikwa. Alizima simu akakunja nguo za mtoto. Sharon aligonga mlango na kumwita, akamjibu kwamba hajambo, na ni kweli hakusikia kitu chochote, wala uchungu, wala njaa, alikula kwa kuwa sahani ililetwa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, alipokuwa ameruhusiwa kutoka, Nyakundi na Sharon walimvisha koti na boshori ya sufu kichwani wakampeleka ziwani, ziwa lililoganda hadi magari yanapita juu yake, watu wameketi kwenye vigoda wamechimba matundu kwenye barafu, wanavua. Mzee mmoja Mzungu alisimama akampa Mama kigoda chake, Mama akaketi. Mzee yule akavuta kamba, akatoa samaki mdogo sana, akamtazama, akamwambia samaki pole, akamrudisha tunduni. Mama akacheka. Sharon alikuwa ameshika simu, akaichukua video ile, na kwa furaha ya kumwona mama yake akicheka akaituma kwenye kundi la familia.

Hapa nyumbani kaburi lilikuwa bado bichi. Video ilitoka kwenye kundi, ikafika sokoni, ikafika kanisani, mjane aliyeshindwa kuja kumzika mumewe anacheka na Wazungu juu ya maji, na yalisemwa mengi ambayo familia haioni haja ya kuyarudia leo. Mama aliporejea tarehe 6 Machi, aliyempokea uwanja wa ndege wa Kisumu ni jirani yetu Ochoki. Mama alisimama kaburini na mkoba wake, kisha akaingia akabadilisha nguo, akaenda kukama. Mogire, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, hakuingia jikoni kwa mama yake mwaka ule, wala nusu ya mwaka uliofuata. Walisalimiana njiani. Mama hakujitetea kwa mtu. Kwenye kituo cha majani chai, akina mama wakingoja kupimiwa, aliendelea kuwaeleza habari za kindi na za leso iliyoganda, wengine wakisikiliza, wengine wakigeuka upande, na yeye hakuonekana kujali ni nani amegeuka.

Mwezi wa Julai 2023, baridi ikiwa imeshika na ukungu haujatoka tangu juzi yake, Persis, mke wa Mogire, alipelekwa hospitali kujifungua, na Mogire akaambiwa arudi nyumbani angoje. Nyumba yake ilikuwa haina moto. Aliuona moshi wa jikoni kwa mama yake, akaja, akainama mlangoni, akaketi. Mama alimpa uji. Alikunywa kikombe kikaisha ndipo akauliza.

"Mama, siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Mama alimweleza habari za samaki. Kisha akasema maneno ambayo Mogire mwenyewe ameomba yasomwe leo: "Tangu baba yenu afe nilikuwa sisikii kitu. Walinivisha viatu, sikujua kama vinabana. Nilipocheka ndipo nikasikia miguu inaniuma kwa baridi. Nikajua amekufa."

Mogire alichukua kuni akaongeza motoni, na simu ilipoita kusema mtoto wa kike amezaliwa, bado alikuwa hapo. Toka siku hiyo uji wa asubuhi aliunywa jikoni kwa mama yake.

Ugonjwa ulianza Septemba 2024, chakula kikawa hakipiti, na madaktari wakagundua saratani ya koo. Alitibiwa Kisii, akapelekwa Eldoret kwa mionzi, akarudishwa Kisii alipoishiwa nguvu. Sharon alikuja Aprili akakaa naye mwezi mzima. Tarehe 9 Juni 2025, siku ya Jumatatu mchana, Mama alikuwa amelazwa karibu na dirisha lakini hawezi kuinua kichwa, akamwuliza Mogire nje kuna nini. Mogire akamwambia mvua inanyesha kidogo, mama mmoja amefunika ndizi zake na nailoni, watu wawili wa boda boda wanagombania abiria mmoja na abiria ameamua kwenda kwa miguu, wingu limekalia kilima cha Nyanchwa.

"Endelea," akasema.

Akaendelea, akamtajia rangi za miavuli, mbwa aliyejikunyata chini ya meza ya muuza viazi, mtoto wa shule anayeruka madimbwi na kiatu kimoja mkononi, hadi muuguzi alipomshika bega.

Mama ameacha watoto wawili, Mogire na Sharon, mkwe wake Nyakundi, Persis mke wa Mogire, na wajukuu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza Kisii na Eldoret, wapishi wenzake wa zamani, kwaya, jirani yetu Ochoki na nyumba yake, akina mama wa kituo cha majani chai waliochuma chai yake msimu wote aliokuwa kitandani, na ninyi nyote mliofika.

Pumzika kwa amani, Mama Bosibori. Tunakulaza kando ya mzee, hadi Bwana atakapowaamsha.