Ukumbi Ukinyamaza, Bwana Ok Huwasha Gari

Bwana Ok Jae-mun, dereva wa gari la wagonjwa la hospitali yetu hapa Busan, anastaafu tarehe 30 Juni 2008 baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Amebeba wajawazito, mabaharia waliovunjika mbavu na, safari moja, mbwa wa mkurugenzi. Harusini kwake alifika na gari la kazi, king'ora kikilia, kwa sababu zamu ilichelewa kuisha. Mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Lakini wazee wa mji huu wanamjua kwa jambo jingine. Kwa kanuni za ndondi, kengele ya kwanza hailii kama gari la wagonjwa haliko mlangoni. Kwa hiyo kila palipokuwa na pambano, Bwana Ok aliegesha nyuma ya ukumbi wa michezo na kusubiri. Hajawahi kuona pambano hata moja. Alisikiliza tu. Kelele hazikumshtua. Kilichomtisha ni pale umati mzima uliponyamaza ghafla. Hapo aliwasha gari kabla hajaitwa. Sisi tulioletwa Busan na meli za wakimbizi kutoka kaskazini wakati wa vita tunaujua ukimya huo, na hatukumcheka.

Mwaka 1980 ukaanza ushindani wa Pyo Gil-su, mbeba mizigo wa bandarini, na Tak Dong-ho, mtoto wa muuza samaki. Pambano la kwanza Pyo alishinda kwa pointi. Kwenye marudiano, Tak alimwangusha raundi ya sita. La tatu lilikwisha sare, na ukumbi ulinyamaza mara mbili. Kwa kuwa gari lilikuwa moja, wote wawili walilazwa humo, bega kwa bega, nami, mhudumu wa gari, nikichutama kando yao na pamba.

"Ukifa kabla yangu, nitakufukua tumalize," Pyo alisema.

"Funga mdomo, unanimwagia damu," Tak akamjibu.

"Msipigane humo!" Bwana Ok alifoka kutoka mbele. "Shuka zenyewe za kuazima!"

Tulicheka. Kisha Pyo akauliza nani ameshinda. Tukamwambia ni sare. Kabla hatujafika darajani akauliza tena. Getini akauliza tena, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza mara ya kwanza. Kicheko kilikauka. Kwenye kioo niliona macho ya Bwana Ok, hayakuwa barabarani.

Pambano la nne lilipangwa majira ya kupukutika kwa majani, mwaka 1983. Siku ya kupima uzito Pyo alimsalimu Tak kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Maswali ya daktari wa mchezo alikuwa ameyakariri, akayajibu yote. Tak alimwendea meneja wake na kumwambia kwamba yule mtu si mzima. Meneja akampiga begani: "Basi bahati yako. Utamaliza mapema, uwahi supu."

Jioni hiyo watu walikuwa wakikanyaga mbao za ukumbi kwa miguu hadi vioo vya gari letu vikatetemeka. Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka Tak, joho begani, glavu zimeshafungwa.

"Kaka Ok, tumbo."

"Linauma wapi?"

"Popote utakaponiambia."

Bwana Ok alikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga. Gari likiondoka, kengele hailii. Ikigundulika kwamba aliondoka bila mgonjwa, kazi imekwisha, na mashabiki wangeweza kulichoma gari, naye ndani.

"Na wakiliahirisha tu, ukarudishwa ulingoni kesho, je?" aliuliza.

"Nikimgusa kichwani, Kaka, ataanguka na hatainuka. Nimemsikia kwenye gari lako. Wewe pia ulimsikia."

Bwana Ok alishuka na kumfungulia. Ufunguo ulimdondoka mara mbili. Tulipoanza kuondoka, nyuma yetu ule mkanyago wa miguu ulikatika. Ukumbi wote kimya. Bwana Ok akawasha king'ora ili asiusikie ukimya huo.

Njiani alimfundisha. "Hapa chini, kulia. Daktari akibonyeza, vumilia. Akiachia, ndipo upige kelele. Wenye kidole tumbo kibovu ndivyo wanavyolia."

Tak alilia vizuri mno. Usiku huohuo walimpasua na kumtoa kidole tumbo kizima kabisa, na pambano likafutwa. Magazeti yalimwita mwoga. Watu walirusha vichwa vya samaki kwenye banda la mama yake. Pyo naye aliapa barabarani kwamba atamvunja taya. Bwana Ok aliendelea kuendesha, na kwa majuma kadhaa simu ya idara ilipolia alisimama wima kabla ya yeyote kuipokea.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Pyo alikwenda Seoul kujiandaa kwa mpinzani mwingine. Huko walimpiga picha ya kichwa, wakakuta damu ya zamani imeganda. Hakupanda ulingoni tena. Yu hai, anauza supu ya nguruwe karibu na stesheni, na Tak hula hapo bila kulipa.

Naandika haya kwa ruhusa ya Tak, ambaye majira ya baridi yaliyopita alimweleza Pyo kila kitu. Pyo alimrushia mwiko. "Pumbavu! Ningekupiga!" Halafu akamjazia bakuli. Kesho yake akamwuliza, kama anavyomwuliza siku nyingi, nani alishinda lile la nne. Tak akampa jibu lake la siku zote: "Bado. Gari halijarudi."

Bwana Ok, wote wawili watakuwa mstari wa mbele siku utakapokabidhi ufunguo. Nimemwuliza Tak atajibu nini baada ya hapo. Amesema jibu halibadiliki.

Tunakushukuru kwa safari zote, hasa ile moja. Nasi tumekubaliana kupiga makofi mpaka utoke mlangoni, asinyamaze hata mmoja, usije ukaanza kupapasa mfuko kutafuta ufunguo. Nenda ukapumzike, na ukimya utakaoukuta nyumbani uwe wa amani.

Ma Hak-chun
Mhudumu mstaafu wa gari la wagonjwa