Bwana Sifuri na Kikombe cha Sita

...basi wale mafundi wapya wawili wakasema zimekufa. Hedifoni zenyewe zimekuja juzijuzi tu, ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa laini, utadhani mkufu wa bibi harusi. Wakazichomeka kwenye kompyuta, sauti ikatoka kidogo kama ya mgonjwa anayeomba maji. Wakazungusha mpaka mwisho. Wapi! Wameshaanza kuandika barua zirudishwe zilikotoka, ndipo Fundi akachungulia mlangoni na miwani yake kwenye paji la uso, akasema, "Hazijafa hizo. Zina njaa."

Haya, haya, mwanangu, umesema nianze na miaka. Andika basi. Fundi wetu wa mitambo, ambaye jengo zima linamwita Bwana Sifuri, ameitumikia redio hii miaka thelathini na mmoja, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nane mchana, ukumbi mdogo. Hiyo umeitoa kwenye faili wewe. Mimi ningekuambia aliingia mwaka tuliotundika yale mapazia ya kahawia studio ya kwanza, yaliyokuja kuliwa na panya.

Wote waliokuwepo siku aliyoingia wameshaondoka. Wengine wamestaafu, wengine wako udongoni. Nimebaki mimi na sinia langu la chai. Mimi hawajui wanistaafishe lini, cheti cha kuzaliwa sina, na kila wakiniuliza umri nawaambia nilizaliwa mwaka wa mvua nyingi. Ndiyo maana ukaletwa kwangu na kalamu yako, wewe binti wa mapokezi, mtu wa jarida la wafanyakazi, wakati mimi hata jina langu nalitambua kwa umbo tu.

Na lile uliloniambia asubuhi, kwamba Ijumaa Meneja atatoa vyeti vya utumishi usio na doa, na Fundi hamo kwenye orodha kwa sababu ya barua moja ya onyo iliyomo kwenye faili lake, hilo nitalirudia. Nitalirudia, usinikumbushe.

Andika kwamba ni mtu wa masikio. Siku moja amekaa kwenye ngazi anakunywa chai, akasema friji ya jikoni inaumwa. Friji inagandisha vizuri, maziwa baridi, tukamcheka. Siku ya tatu ikazimika moja kwa moja. Mkewe, yule fundi cherehani aliyetushonea vile vifuniko vya maikrofoni, aliniambia nyumbani hakuna raha, wifi yangu, mwanamume anaamka kitandani kwenda kusikiliza mita ya umeme. Siku paa lilipovuja studio ya pili, Fundi alisimama na mwavuli juu ya mitambo saa nzima mpaka kipindi kikaisha, yeye mwenyewe maji yanamtiririka shingoni, na wasikilizaji hawakujua lolote. Na mafundi aliowafundisha wamejaa kila redio. Ukimwona kijana anapunguza sauti kabla ya kuvaa hedifoni, jua amepita mkononi mwake.

Ndiyo lile jina. Sifuri. Huyu mtu, tangu siku ya kwanza, havai hedifoni mpaka kile kitufe cha kuzungushia sauti akirudishe sifuri. Na akizivua anakirudisha tena sifuri, kwa ajili ya atakayekuja nyuma yake. Kila mtu anayetoka, yeye anamwuliza, "Umerudisha sifuri?" Hata mtu anayekwenda msalani! Watangazaji wakamtania mpaka jina likaganda. Yeye anacheka tu. Anasema masikio hayana vipuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimharibia, kwa kitambaa changu cha vumbi. Napangusa mitambo, kitambaa kinazungusha, nimekwenda zangu. Mwingine angenigombeza. Angebandika karatasi ya USIGUSE, na mimi ningeiangalia kama picha ya mdudu. Yeye alibandika kipande cha utepe mwekundu palepale kwenye sifuri, akanionyesha. "Dada, ukimaliza kupangusa, mstari huu mweupe wa kitufe uangalie huu mwekundu. Basi." Hakuniuliza kama najua kusoma. Alishajua, na hakunitia aibu. Mpaka leo mitambo yote humu ndani ina utepe mwekundu, na hawa wapya wanadhani ni utaratibu wa kiwandani.

Sasa turudi kwenye zile zenye njaa.

Kule stoo, nyuma ya viti vibovu, kuna amplifaya ya zamani, ile iliyokuwa inasukuma spika kubwa za ukumbini enzi za matamasha. Nzito kama mfuko wa saruji. Ilikuwa ikingoja kutupwa. Fundi akaibeba na mmoja wa wale wapya, huku yule kijana anaguna, "Mzee, hii ni ya spika! Utaziunguza hizi, utatuunguza na sisi!" Fundi akamjibu, "Sufuria ya sherehe inaweza kumlisha mtoto mchanga, kijana. Ubaya si wa sufuria. Ubaya ni wa anayepakua kwa mwiko mkubwa."

Nilikuwepo. Nilikuwa napiga deki chumba cha kanda, nikaipiga polepole makusudi. Alikata ule waya wa hedifoni wenye plagi ndogo, akatengeneza mwingine, kila sikio na waya zake mbili, ya kwenda na ya kurudi. Akawaeleza kwamba kwenye plagi ya kawaida waya za kurudi zimeunganishwa, na amplifaya kama ile, zikigusana tu, inakufa papo hapo na moshi juu. Akafungia na vijidude vidogo vya kupunguza makali, vina mistari ya rangi kama shanga, ili ule mvumo wa mashine kubwa usiingie masikioni. Akachomelea kwa solda, akapuliza, akanusa. Kisha akaniomba kitambaa changu kisafi. Akakikunja, akazilaza hedifoni juu yake mezani, sifuri, akawasha. Hakuzivaa. Akasogeza kidogo tu, akainama, akasikiliza kwa mbali, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto kwa kiwiko. Akasogeza tena upana wa unywele mmoja. Ndipo akazivaa.

Mwanangu, nimemjua yule mtu miaka yote hii. Sijawahi kuuona uso wake ukilegea vile. Wale wapya wakanyang'anyana, huyu avae, yule avae, na yule aliyekuwa akiguna akasema anamsikia mwimbaji anavuta pumzi, anasikia mpiga gitaa anasogeza kiti. Ile barua ya kuzirudisha ikachanwa. Sasa wanazitumia hizo kuzihamisha kanda za zamani kuingia kwenye kompyuta, moja baada ya moja, na kila kilichojificha kwenye kanda kinasikika.

Kila kilichojificha. Hapo ndipo ninapopataka.

Jumatatu iliyopita nimempelekea chai. Wale wapya wamekwenda kula. Akasema, "Dada, kaa. Leo ni zamu yako." Akarudisha sifuri, akanivisha. Nzito kidogo, na joto, kama mtu amekushika kichwa kwa viganja viwili. Akaweka kanda. Kumbe ni taarifa ya habari. Yule msomaji wetu wa zamani, mwenye sauti ya kifua, anasoma habari za mafuriko, na namsikia mpaka karatasi anavyoigeuza. Nikacheka, nikasema jamani kama yuko humu.

Halafu nikasikia vikombe.

Kimoja. Viwili. Vitatu, vinne, vitano, kila kimoja na mlio wake, vikipasuka sakafuni. Cha sita hakikupasuka, kilijiviringisha mpaka ukutani, gru-gru-gru, kikatulia. Na sauti ya mwanamke, changa, inasema, "Mama yangu!"

Ile sauti ni yangu.

Usiache kuandika. Ndiyo, hili nalo liingie.

Ni miaka ishirini na saba. Fundi alikuwa na miaka minne kazini, ameshaajiriwa. Mimi bado kibarua wa siku kwa siku, watoto watatu, na baba yao mgonjwa kitandani. Taa nyekundu ya studio ilikuwa inawaka, niliiona, siwezi kusema sikuiona. Lakini msomaji alipenda chai yake imngoje mlangoni, na mimi nilitaka waseme huyu mama ni mwepesi. Nikapita. Nikajikwaa kwenye waya. Ule mlango haukuwa umefungwa sawasawa. Kishindo kikaenda hewani, katikati ya majina ya marehemu wa mafuriko. Watu waliopoteza ndugu zao wakakisikia.

Bosi wa wakati ule akateremka ngazi kama mawe yanaporomoka. "Nani? Leo hii anaondoka! Nani?" Mimi niko nyuma ya mlango wa jikoni, nimekumbatia vigae vya vikombe kwenye aproni. Fundi akatoka kwenye chumba cha mitambo na spana mkononi. Akasema, "Mimi, bosi. Imeniponyoka spana." Bosi akamtazama, akamtukana matusi ambayo siwezi kumwambia binti, akampa barua ya onyo. Angekuwa kibarua, angefukuzwa kabla chai haijapoa.

Na mimi nikanyamaza.

Nitakuambia mtu anavyonyamaza miaka ishirini na saba. Unajiambia labda spana nayo kweli ilianguka. Pamoja na vikombe, wakati uleule. Kwenye redio za kawaida ilisikika pu! tu, kishindo kimoja, nani ajue ni cha chuma au cha udongo? Nikajiambia hivyo mpaka nikaamini. Nikamwona ananisalimia vilevile, "Dada, umeamkaje?" nikasema unaona, hana kinyongo, basi ilianguka kweli. Kile kikombe kilichosalia, chenye pengo mdomoni, akakichukua kikawa chake. Anakinywea mpaka leo. Nikasema ni mtu tu anapenda kikombe.

Sasa nimevaa zile hedifoni, nasikiliza mpaka mwisho wa kanda. Hakuna spana, mwanangu. Vikombe sita na mimi. Spana hakuna.

Nikazivua. Nilisahau kurudisha sifuri, akarudisha yeye. Akanitazama na kile kikombe mkononi, akasema, "Spana yangu ina mlio mzuri, eh, dada?" Akacheka. Mimi nikashindwa hata kulia vizuri.

Kumbe alikuwa ameificha ile kanda miaka yote katikati ya zile za zamani zisizoguswa, maana za habari zilikuwa zinasikilizwa kabla ya kufutwa na kurekodiwa upya, na hakutaka mtu aikute. Akaitoa kwenye mashine, akaitia mfukoni mwa aproni yangu. "Vijana hawa wana masikio mazuri, na sasa wana hedifoni nzuri. Wangefika kwenye hii mwezi ujao, mimi sipo. Nenda nayo. Itie motoni, yaishe." Nikamwuliza, na barua yako je? Akasema, "Barua ni karatasi. Wewe ulikuwa na watoto watatu." Na akanikataza kusema. Kwa hiyo hapa ninapozungumza ninamvunjia heshima mdogo wangu, na aniwie radhi, ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Siku nne kanda iko kwenye aproni. Jiko liko pale, kiberiti kiko pale. Nikasema kama yeye amenisamehe, basi mimi nani nikatae? Kisha asubuhi wewe ukaja na orodha yako ya vyeti, ukasema Bwana Sifuri hamo, ana doa. Doa langu hilo! Mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja akiwarudishia wenzake sifuri, anaondoka Ijumaa na kishindo changu kwenye faili lake.

Usinitazame hivyo, binti. Futa machozi, utalowanisha karatasi. Andika la kumalizia, jarida lina nafasi ndogo, najua.

Andika: Fundi, umetulinda masikio yetu na hukutudai ahsante. Waliokufundisha kazi walikufundisha vyema, na mama aliyekuzaa ashukuriwe alipo. Rudi kwa wifi yangu, mtengenezee kile kiti kinacholia alichokipigia kelele miaka kumi, na ile mita ya umeme iache ilale. Siku njema, zikifuatana nyingi, ndizo tunazokuombea sisi tunaobaki. Kile kikombe chukua, ni chako, nimekiosha. Wenzako wa redio.

Na hapo kwa wenzako uongeze mimi. Jina langu liandike kubwa, nilione umbo lake.

Nani huyo anaita? Meneja? Sikia, "Mama Chai! Chai ya wageni iko wapi?" Naja, bosi, naja! Nipe hilo sinia. Vikombe vitano, sukari, vijiko. Na hii kanda naiweka hapa katikati, ionekane. Zile hedifoni mwambie yule kijana azilete juu na mashine ya kanda, Meneja asikie mwenyewe, na ile amplifaya wakiweza waibebe. Wakishindwa, basi Meneja ateremke yeye.

Nifungulie mlango, mwanangu. Leo sijikwai.