Vyuma Vilivyobaki Chini ya Ghorofa la Obedi

Zimeni hiyo redio, fungeni mlango wa uani, mkae wote wawili hapa karibu na kitanda, maana mimi baba yenu Matonya sina tena pumzi ya kusema jambo mara mbili. Daktari wa hospitali ya Mvumi aliponiruhusu kurudi nyumbani hakuniambia nimepona. Aliniambia nile ninachokipenda, na mtu mzima akiambiwa hivyo anajua ameagwa. Denis, wewe ndiye mkubwa, sikiliza bila kunikatiza. Gladness, mwandiko wako unasomeka. Chukua daftari uandike maneno yangu kama yanavyotoka, usinipambie.

Mali nitaisema kwanza, haina maneno mengi. Ng'ombe watano walioko kwa mjomba wenu kule Mlali ni wa Denis, ila yule mwekundu mwenye pembe moja asichinjwe msibani kwangu, ana mimba. Mizabibu yote ni ya Gladness, maana ndiye aliyeipogoa mimi nilipokuwa nakohoa. Nyumba hii siwagawii. Mmeuona ule msalaba mwekundu wa kubomolewa waliotuchorea ukutani, na hapo ndipo wosia wangu unapoanzia.

Sikilizeni sasa. Mnajua nilikuwa mpimaji msaidizi, enzi zile Dodoma ikiitwa makao makuu kwa mdomo tu huku mbuzi wakilala katikati ya barabara. Wakubwa wetu walichora ramani ya mji ambao haukuwepo, na ndani ya ramani hiyo wakatenga ukanda ulionyooka kutoka Makole kwenda mashariki, upana wa hatua sitini, usijengwe kitu, ili siku moja mabasi makubwa yapite humo peke yake bila kugombana na gari lingine. Tulicheka sana. Mabasi gani, na abiria gani? Lakini kazi ni kazi, tukaupima ukanda ule na kusimika bikoni, zile nguzo fupi za zege, na chini ya kila bikoni tukafukia chuma kirefu, kina cha mtu mzima kiunoni, kwa sababu nguzo ya juu inaweza kugongwa na trekta au kung'olewa na mhuni, lakini chuma cha chini hubaki kikisema kweli. Hiyo ndiyo desturi ya wapimaji, na mtu asiye wa kazi ile haijui.

Obedi hakuijua. Alikuwa dereva wetu, na zaidi ya udereva alikuwa mwenzangu wa jando. Tulitahiriwa siku moja, tukalala kwenye majivu mamoja, na kwetu Wagogo mtu wa namna hiyo akikuomba kitu humwulizi sababu. Alikuwa amejipatia kiwanja pale njia panda ya Chibwela, kikawa kimeangukia ndani ya ukanda. Akaja kwangu na machozi. Akaniambia, Matonya, sogeza tu bikoni, upande wa kusini ni pori, nani atalia? Nami nikazisogeza, wanangu. Bikoni kumi na moja, kwa siku sita, nikijifanya nazikarabati, nikazipeleka kusini hatua mia na ishirini. Vyuma vya chini sikuvitoa. Ardhi ilikuwa ngumu, na mimi nilikuwa na haraka.

Gladness, usiache kuandika. Andika kwamba baba yako alizisogeza.

Mwaka uliofuata mkaguzi akaona mstari umepinda, akaulizia. Nilinyamaza. Obedi hakunyamaza, alisimama mbele ya wakubwa akasema ni Khamisi, yule Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akinishikia mnyororo wa kupimia, kwamba alizisimika vibaya kwa sababu ya pombe. Khamisi! Mtu aliyekuwa haachi swala hata jua likiwa la utosi, ambaye pombe alikuwa haijui hata harufu. Alinitazama mimi, akingoja niseme neno moja. Sikulisema. Wakamfukuza kazi, akarudi kwao na godoro na birika, na miaka miwili haikupita tukasikia amefariki. Wakubwa kwa uvivu wao hawakurudisha bikoni. Waliichora upya ramani ifuate nguzo za juu, maana mabasi yenyewe walijua hayaji.

Na mnajua nilivyolipwa? Mchimba kaburi huingia mwenyewe. Nilipomwoa mama yenu Penina, wakwe zangu wa Chibwela walinipenda, wakanipa shamba. Shamba gani? Hilihili, katikati ya ukanda nilioupinda kwa mikono yangu. Ningelikataa ningeulizwa kwa nini, na jibu ningelitoa wapi? Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikajenga, nikawazaa ninyi, na mama yenu nikamzika pale nyuma. Miaka yote hiyo nilipolima nilijua ninalima barabara. Nikajituliza kwamba nitakufa kabla ya mabasi.

Sasa mji umekuja mbio, serikali imehamia, watu wamejaa mpaka vilimani, na wapangaji wa mji wamekuja na vidude vyao vya kuruka angani kutafuta wapi mabasi ya mwendokasi yatapita miaka ishirini ijayo. Siwalaumu, ni watoto wa shule, wamefuata ramani waliyoikuta. Ninayemlaumu ana ghorofa tatu pale njia panda, nyumba ya wageni yenye vioo vya bluu, na hao hao watu wa mtaa wamempa uenyekiti wa kamati ya ardhi. Obedi alisimama mkutanoni mbele ya kaya arobaini na tatu za Chibwela, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi na fimbo yangu, akaninyooshea kidole akasema, huyu mzee ni mvamizi wa hifadhi ya barabara. Mvamizi! Watu wakacheka. Kisha wapangaji wakaja wakapiga kigingi juu ya kaburi la Penina, karibu na kichwa, nami nikajikongoja hadi kwake kumwomba, mwenzangu, angalau hicho kigingi kisogezwe. Unajua alinijibu nini, Denis? Alisema makaburi huhamishwa, mabasi hayahami.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na si kwa sababu ya kifua. Mchungaji alikuja akanisomea habari za kusamehe saba mara sabini, nikamwambia asante mchungaji, nitasamehe nikishaona vumbi la lile ghorofa. Msinihubirie na ninyi. Namchukia Obedi, nataka kufa nikimchukia, na nataka chuki hiyo ifanye kazi ambayo uoga wangu haukuifanya.

Basi shikeni maagizo. Chini ya kitanda hiki kuna sanduku la bati, na ndani yake daftari langu la vipimo vya kwanza, lenye sahihi yangu na ya Khamisi. Vyuma kumi na moja viko palepale tulipovifukia. Kimoja kiko chini ya geti la Obedi, kingine chini ya tangi lake la maji, cha tatu nadhani kimo chini ya jiko. Mkutano wa kuidhinisha njia ya mabasi utafanyika Makole wiki tatu zijazo. Pelekeni daftari, mwombeni mpimaji achimbe kina cha kiuno. Kuchimba tu, ardhi itajieleza.

Lakini daftari peke yake watalikalia, nawajua wenye ofisi. Kwa hiyo kabla ya Makole mtaanzia kwenye msiba wangu. Kwetu mtu akifa hugeuka malaika. Husomwa historia ya marehemu, alizaliwa, alibatizwa, alipenda watu wote, na waombolezaji huitikia kwa kichwa hata wale aliowaibia. Historia yangu itakuwa haya unayoyaandika, Gladness, yote, na atakayeisoma ni Denis, mbele ya jeneza, mbele ya mchungaji, mwenyekiti wa mtaa na Chibwela nzima. Mnitaje mimi kwanza. Msiseme bikoni zilisogezwa. Semeni Matonya alizisogeza, na Obedi akafaidi, na Khamisi akabebeshwa.

Denis, nakuona unavyotazama chini. Unafikiria aibu, wewe mzee wa kanisa, na unafikiria ile fremu ya duka aliyokuahidi pale chini ya ghorofa lake. Ndiyo, ninajua, ukimya wako alikwisha kuununua kabla hujawa na cha kusema. Mimi niliuza wangu bure, tazama ulivyoninufaisha. Ukiisoma historia yangu, fremu huipati, na kwa mwaka mzima watu watakusengenya kanisani. Usipoisoma, kaya arobaini na tatu zitabomolewa kwa ajili yangu, na mama yako atafukuliwa. Chagua, lakini chagua ukijua nitakuwa nimelala mbele yako nasikiliza.

Na kabla hamjachimba kaburi langu, mmoja wenu apande gari aende Kondoa, amtafute Naima binti Khamisi, anauza mafuta ya alizeti sokoni. Apige magoti amweleze. Akitukana, avumilie. Akitaka kuja kusikia jina la baba yake likisafishwa, mleteni, alale chumba changu.

Nipeni maji. Kidogo... basi, yanatosha.

Nani huyo anapiga hodi? Nyamazeni. Ni yeye, kikohozi chake nakijua. Gladness, funga daftari ulikalie. Denis, futa uso. Mfungulieni.

Mbukwa, Obedi. Karibu, mwenzangu wa jando, karibu ndani. Nipo, nasukuma siku. Umeniletea sukari? Mungu akulipe sawasawa na ulichotenda. Kaa hapo kwenye kiti. Hapana, hunisumbui, nilikuwa nawausia watoto, nimefika kwenye jina lako. Nawaambia siku yangu ikifika, Obedi asiachwe nyuma huko juani. Awekwe mbele kabisa, karibu na jeneza, na Denis akishamaliza kusoma historia yangu, wa kwanza kupewa kipaza sauti awe yeye. Nani anijuaye kama wewe? Utakuja, siyo? Sema mbele ya watoto. Sema utakuja.

Mmesikia, wanangu. Ameahidi.

Leteni vichwa... hapa, mkono hauinuki. Denis. Gladness. Mungu wa baba zangu awape mvua kwa wakati wake, na watoto... watoto watakaowazika bila kuaibika. Awape mdomo ambao mimi sikuwa nao. Na kila kilichosogezwa... kirudi mahali pake.

Obedi, mbona wenzako wameitikia... Itikia na wewe. Kwa sauti, masikio yangu yanaondoka. Sema amina.