Beti Kumi na Moja za Skálhamar

Mgeni rasmi, Bibi Rannvá Eidesgaard, mkurugenzi wa ofisi inayosaidia filamu fupi, mchungaji wetu, na ninyi wakazi wenzetu mlioacha kondoo na nyavu mkaja ukumbini:

KARIBU

Umekuja katika mvua ya upepo inayopiga ubavuni, na viatu vyako vimelowa, pole sana. Supu ya kondoo ipo jikoni. Tungependa ule kwanza, maana tuliyo nayo si ya kumwambia mtu mwenye njaa, lakini ratiba imetoka ofisini kwako na tunaiheshimu.

SHAIRI LENYEWE

Shairi tulilokuahidi kulifanyia filamu lina beti arobaini na tatu. Linasimulia mashua ya kijiji hiki iliyotoka kuvua zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wanaume saba ndani, isirudi. Miili haikupatikana. Kitabu cha kanisa cha miaka ile kilioza kwa unyevu. Majina ya wale saba yamo katika beti za mwisho za shairi hilo, na hayamo mahali pengine popote duniani.

Halikuwahi kuandikwa. Huchezwa. Kila majira ya baridi tunashikana mikono katika duara, hatua mbili kushoto, moja kulia. Mshika beti anaimba ubeti, sisi wengine tunapokea kwa kiitikio. Kwetu mshika beti huwa mmoja tu. Wetu ni Bibi Sunnvør Lamhauge, mwenye miaka themanini na minane.

TULIYOFANIKISHA

Tumepanga tangu Oktoba. Mashua ya makasia imekarabatiwa. Sweta saba zimefumwa. Tuligombana wiki mbili juu ya nani aigize nahodha, hadi Mzee Hanus, fundi mashua, akanuna na kususia kahawa yetu. Fomu yenu ilipotaka maneno ya shairi, tuliandika: "Tutaleta baadaye, tunalijua." Mgeni rasmi, hatukukusudia kudanganya. Kila mtu humu alikuwa na hakika kwamba analijua.

YALIYOTUKUTA

Mwezi Februari Bibi Sunnvør alipata kiharusi. Siku ya tatu tulikutana humu humu ili tuliandike shairi.

"Haya, Mzee Hanus," alisema Marjun, mwalimu wetu, kalamu mkononi. "Miaka hamsini umo duarani. Lete ubeti wa kwanza."

Hanus akaimba kwa sauti yake yote.

"Hicho ni kiitikio, mzee! Nataka ubeti."

"Beti ni za Sunnvør. Kwani wewe unazo?"

Tukazunguka meza nzima, watu ishirini na sita, na kila mmoja alikuwa na kiitikio. Rekodi za simu tulikuwa nazo pia. Ndani yake unasikia miguu yetu na vifijo vyetu. Sauti ya Bibi Sunnvør iko chini huko, haishikiki. Tuliona aibu, na bado tunaiona.

Tulimfuata hospitali. "Bibi, tuambie shairi," tukamwomba.

"Mdomo haujui, wanangu," alisema, kwa shida. "Miguu ndiyo inayojua. Nisimamisheni."

Hakuweza kusimama. Basi Marjun akashika mguu wa kushoto chini ya blanketi, Hanus akashika wa kulia, wakaisogeza kwa hatua zetu, mbili kushoto, moja kulia. Ubeti ukatoka. Siku ile tulipata sita, wiki iliyofuata tano. Katika ubeti wa kumi na moja wanaume wote wako hai, wanapiga makasia, na wanauona moshi wa nyumba zao.

Jumapili iliyopita tulisogeza miguu kuanzia hapo. Alifumba macho, akavuta pumzi, nasi tukainama kusikiliza. Akaimba kiitikio. Tukaanza upya. Kiitikio tena.

"Kumbe naye amekuwa kama sisi," alisema Hanus, akatoka kwenda kulia kwenye maegesho ya magari. Daktari ametuambia tusitegemee zaidi ya hapo.

MAOMBI YETU

Mkataba wetu na ofisi yako unasema filamu ya shairi zima. Shairi zima hatuna, na hatutalipata tena. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, ukubali filamu ikomee ubeti wa kumi na moja, mashua ikiwa bado majini.

La pili ni zito zaidi. Mwisho wa filamu panatakiwa maneno machache juu ya wale saba, na ya kweli ni haya tu, kwamba majina yao hayajulikani. Tumekaa mara tatu kuiandika sentensi hiyo. Karatasi imepita mikononi mwa wote na kurudi nyeupe. Sisi ni damu yao. Tuliimbiwa majina yao kila mwaka tukiwa tumeshikana mikono, na hatukuyasikiliza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akingoja zamu yake ya kuitikia. Tunaomba sentensi hiyo uiandike wewe.

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, amhurumie Bibi Sunnvør kitandani pake, na awapumzishe hao saba, ambao Mungu mwenyewe bado anawajua kwa majina.

Imesomwa na Jógvan Hentze,
kwa niaba ya Kikundi cha Ngoma na Filamu, Skálhamar.